MAMBO YA NYUMBANI: Kuchagua Matairi ya Magari ya Mfuo



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya vyombo vya nyumbani na namna ya kuvitunza, maana chombo kisichotunzwa hula mali mara mbili: mara ya kununuliwa, na mara ya kununuliwa tena. Mwezi huu twapenda kusema juu ya chombo cha mchezo, nacho ni gari dogo la umeme lipitalo katika mfuo. Na katika gari hilo hatutasema habari za sehemu zote, ila habari za matairi yake. Huenda mtu akacheka, akasema, "Je, tairi lisilozidi upana wa kidole ni jambo la kuandikiwa?" Naam, ni jambo. Kwa sababu ya tairi hilo dogo ndugu hugombana, fedha hutupwa, na mara nyingine mtoto mwenye mkono mzuri huitwa mzembe bila haki.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa ajili ya wale wasioujua. Njia huungwa vipande vipande juu ya meza au sakafuni, nayo ina mifuo miwili au zaidi, kila gari na mfuo wake. Chini ya pua ya gari pana ulimi mdogo ushukao katika mfuo, nao ndio unaoliongoza gari lisipotee njia. Kando ya ulimi huo pana visuko viwili vya shaba vinavyogusa reli mbili za madini zilizolazwa kandokando ya mfuo. Kwa njia hiyo umeme hupanda, ukaingia katika mota, na mota huzungusha magurudumu ya nyuma. Mchezaji hushika kishikio mkononi, akikibonyeza sana gari huenda mbio, akikilegeza gari hupunguza mwendo. Hana usukani wala breki ya mguu. Kazi yake yote ni kujua lini aongeze na lini apunguze, hasa penye kona. Maana akiingia kona kwa pupa, ulimi hutoka katika mfuo, na gari huruka likaanguka.

Mchezo huu haukuzaliwa kwetu. Huko Uingereza alikuwako fundi jina lake Fred Francis, ambaye alitengeneza magari madogo ya bati yaendayo kwa kamani, akayaita Scalex. Baadaye akayatia mota ya umeme, akayafanyia njia yenye mfuo, na mwaka 1957 akayatoa kwa jina la Scalextric. Njia zake za kwanza zilikuwa za mpira. Kisha zikafanywa za plastiki. Marekani nako kampuni ya Aurora ilileta mwaka 1960 magari madogo zaidi, na Ujerumani, katika mji wa Fürth, Hermann Neuhierl alianza njia za Carrera mwaka 1963. Tangu hapo mchezo umepata kupanda na kushuka, lakini haukufa; mpaka leo wako wazee wanaowafungulia wajukuu wao masanduku ya magari waliyochezea utotoni mwao.

Magari yachezewayo nyumbani mara nyingi ni ya kipimo cha 1:32, maana yake ni sehemu moja katika sehemu thelathini na mbili za gari la kweli. Gari la kweli la urefu wa mita 4 huwa hapo la sentimeta 12 na nusu. Yako makubwa kidogo ya kipimo cha 1:24, na madogo sana ya kipimo kiitwacho HO, ambayo hutosha katika kiganja cha mtoto.

Sasa tuingie katika neno letu. Kwa nini matairi ya nyuma yana kazi kubwa kuliko sehemu nyingine? Kwa sababu mota, hata iwe na nguvu namna gani, haiwezi kulisukuma gari ila kwa pale tairi linapogusa njia, na pale mahali ni padogo kuliko ukucha. Watoto wetu walijua siri hii kabla ya kuona magari ya umeme. Mtoto atengenezaye gari la waya hukata magurudumu katika ndara kuukuu, wala hachukui mfuniko wa chupa, kwa kuwa ameona kwamba mfuniko huteleza juu ya saruji, na mpira wa ndara hushika. Ndivyo ilivyo hapa. Tairi linaloteleza huipoteza nguvu ya mota penye njia iliyonyoka, na penye kona huuacha mkia wa gari utupwe nje mpaka ulimi uchomoke.

Tena mpira huzeeka. Tairi lililokaa sandukuni miaka kumi au ishirini huwa gumu, uso wake hung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na wakati mwingine hupasuka nyufa ndogondogo. Ukilibonyeza kwa ukucha, halirudi nyuma. Gari likiwa na matairi ya namna hiyo, hata dereva bingwa hataliweza. Basi fikirini nyumba yenye ndugu watatu. Mkubwa amepewa gari jipya, wa kati vilevile, na mdogo amepewa lile la zamani la baba. Kila kona la mdogo laanguka, na wenzake humcheka wakisema, "Huyu hana mkono." Baada ya siku chache mtoto yule hujitenga, akasema kwamba mchezo haumpendezi. Kumbe mkono anao. Asilo nalo ni tairi. Mzazi asiyechungulia chini ya gari atampa mtoto huyo jina lisilo lake, na jina la utotoni halitoki upesi.

Lakini tusikimbilie dukani. Yako mambo matatu ya kufanya kabla ya kufungua mfuko wa fedha.

La kwanza ni usafi. Panguseni njia yote kwa kitambaa kisichotoa manyoya, chenye unyevu kidogo tu, kisha ikaushwe vizuri kabla ya kuwasha umeme. Halafu chukueni utepe wa gundi, mwulaze juu ya meza uso wa gundi ukiwa juu, mkaviringishe matairi juu yake mara chache. Mtashangaa kuona vumbi, nywele na nyuzi za zulia zilizobaki pale. Mahali petu penye vumbi la kiangazi kazi hii yapasa kufanywa kila mara kabla ya mchezo. Mara nyingi mtu aliyedhani tairi limekufa huona kwamba lilikuwa limevaa vumbi tu.

La pili ni kuondoa ule uso unaong'aa. Tairi la mpira likisuguliwa kidogo kwa msasa laini, ngozi ngumu ya juu hutoka, na mpira mzima ulio chini hutokea. Kama ugumu haujafika ndani, tairi hilo laweza kutumika tena siku nyingi.

La tatu ni kuangalia kama ubaya uko katika tairi kweli. Liinueni gari, mpeni umeme kidogo, mwangalie gurudumu likizunguka. Likicheza kushoto na kulia, au likipanda na kushuka, basi huenda rimu haiko sawa, au ekseli imepinda. Tairi jipya juu ya rimu iliyopinda ni kama bati jipya juu ya nguzo zilizooza: fedha imetoka, na nyumba ingali inayumba.

Ikiwa mmekwisha kufanya hayo yote na gari bado lateleza, hapo ndipo pa kununua. Na mtu anayetaka kununua hukuta aina nne za matairi, wala si moja. Tuzitaje moja moja.

Aina ya kwanza ni mpira wenyewe. Matairi mengi yanayotoka kiwandani pamoja na gari ni ya namna hii. Hushika vizuri juu ya njia yenye uso wa kukwaruza, na hushika zaidi kadiri njia inavyopitiwa, kwa sababu mpira kidogo hubaki juu ya njia, na mpira hupenda kushikana na mpira. Husuguliwa kwa msasa bila taabu. Ubaya wake ni huo tuliousema: huisha kwa kusuguliwa, na huwa mgumu kwa umri. Wako watu wanaoupaka mafuta ili uwe laini tena. Sisi hatuwashauri hivyo. Maana mafuta huuvimbisha mpira na kuudhoofisha, na mabaki yake hushuka njiani yakaharibu mwendo wa magari yote.

Aina ya pili ni silikoni. Hii haitoki mtini kama mpira wa asili, bali hutengenezwa viwandani. Juu ya njia laini na safi hushika kwa nguvu sana, tena haiishi upesi, wala haiwi ngumu kwa umri kama mpira. Lakini ina masharti yake. Vumbi kidogo tu huiondolea nguvu, kwa hiyo mwenye silikoni hupangusa matairi mara kwa mara. Haisuguliki kwa urahisi, hata ikitoka kiwandani na kasoro ni vigumu kuisawazisha. Na neno kubwa kuliko yote: huacha utando mwembamba juu ya njia, na gari la matairi ya mpira likipita juu ya utando huo huteleza. Neno hili tutalirudia mbele.

Aina ya tatu ni uretani, ambayo ni ndugu wa ile plastiki inayotumika kwa nyayo za viatu vingi. Imesimama katikati ya mbili za kwanza. Hushika juu ya plastiki na juu ya ubao uliopakwa rangi, huvumilia vumbi kuliko silikoni, na husuguliwa kwa msasa ikawa duara kamili. Ndiyo sababu wachezaji wengi wasiotumia sumaku huipenda. Walakini wakaao pwani wajue kwamba uretani za aina fulani huharibiwa na unyevu wa miaka mingi. Bila shaka mmepata kuona kiatu kizuri kilichowekwa kabatini, na siku ya kuvaliwa soli yake ikamegeka kama mkate mkavu. Basi msinunue matairi hayo kwa wingi mkayaweka akiba.

Aina ya nne ni sponji, yaani mpira wenye matundu madogo ndani yake. Huu ni mwepesi na hushika sana, lakini hutumika zaidi kwa magari ya 1:24 katika vyama vya mashindano, kwenye njia kubwa za mbao. Kwa njia ya nyumbani si lazima kuufikiria.

Je, katika hizo ipi ni bora? Swali hili halina jibu mpaka tujue njia. Hapa ndipo wengi wanapopotea: humwuliza muuzaji au rafiki, "Tairi lipi ni zuri?" naye hujibu kwa kadiri ya njia yake mwenyewe. Mkulima hanunui jembe kabla ya kujua udongo wa shamba lake. Njia nazo si sawa. Zile za Ninco zilizotengenezwa Hispania zina uso wa kukwaruza sana, zikala tairi upesi. Juu yake mpira wa kawaida hutosha, na kununua silikoni ni kupoteza fedha. Njia mpya za Scalextric na zile za Carrera ni laini zaidi; juu yake mpira mgumu huteleza, na mpira laini, au uretani, au silikoni huonyesha tofauti mara moja. Na wako watu wanaochonga mifuo yao wenyewe katika ubao na kuupaka rangi. Huko uretani hufaa sana, na silikoni hufaa kama rangi ni laini na njia husafishwa kwa bidii. Piteni kidole juu ya njia yenu mkiwa mmefumba macho. Kidole hicho kitawaambia mengi kuliko maandishi ya juu ya kifurushi.

Jambo la pili la kujua kabla ya kuchagua ni sumaku. Magari mengi ya nyumbani yana sumaku chini ya tumbo, ambayo huvutwa na reli za chuma, ikalibana gari chini. Gari la namna hii laweza kwenda mbio kwa matairi ya kawaida tu, kwa kuwa nguvu kubwa ya kushika yatoka katika sumaku. Lakini ikiwa sumaku imetolewa, au reli ni za shaba ambayo haivutwi na sumaku, basi kazi yote ni ya tairi, na hapo inafaa kutoa fedha kwa tairi jema. Kwa hiyo mwenye gari la sumaku asishawishike kununua tairi la thamani kubwa kabla ya kuona kama lina haja.

Tena sumaku na ukubwa wa tairi vina shauri moja. Tairi likipungua milimita 1 kwa kipenyo, ekseli hushuka nusu milimita, na sumaku hushuka pamoja nayo. Nusu milimita ni kitu kidogo machoni, lakini nguvu ya sumaku huongezeka sana inapokaribia chuma. Basi mtu akivisha gari lake tairi kubwa zaidi kwa kutamani mbio, aweza kuona kwamba gari limeinuka, sumaku imekuwa mbali, na kona zinamshinda. Na akivisha tairi dogo mno, tumbo la gari litakwaruza reli.

Katika ukubwa, waalimu watapata hesabu nzuri ya kuwapa wanafunzi. Tairi la kipenyo cha milimita 20 likizunguka mara moja hupita milimita 62.8, tairi la milimita 19 hupita milimita 59.7. Kwa mizunguko 100 la kwanza hutangulia kwa sentimeta 31 hivi. Je, tairi kubwa ndilo lenye mbio basi? Katika njia ndefu iliyonyoka, ndivyo, kama mota ina nguvu ya kulizungusha. Lakini tairi dogo huondoka upesi zaidi linapotoka katika kona, na hupungua upesi zaidi mchezaji akilegeza mkono. Njia ya nyumbani ina kona nyingi na nyofu chache. Kwa hiyo si kila mara mkubwa hushinda.

Sasa vipimo vya kununulia. Pimeni mambo manne: kipenyo cha rimu, upana wa rimu, kipenyo cha tairi kwa nje, na nafasi iliyopo chini ya bodi ili tairi lisikwaruze. Kisha tazameni umbo la rimu yenyewe, maana nyingine ni tambarare, na nyingine zina ukingo uliosimama katikati, na tairi lake lina mfuo wa kuupokea ukingo huo. Tairi la rimu tambarare likilazimishwa juu ya rimu yenye ukingo, huvimba katikati, likagusa njia kwa mstari mwembamba tu. Tairi pana zaidi ya rimu huning'inia pembeni. Lililo kubwa zaidi ya rimu huzunguka peke yake hali rimu imesimama, au rimu huzunguka hali tairi limesimama. Kama hamna kifaa cha kupimia vitu vidogo, andikeni jina la mtengenezaji na la gari, mkamwombe muuzaji tairi la gari hilohilo. Tena nunueni jozi moja kwanza. Aliyenunua jozi kumi kwa sababu ya bei nafuu, na zote zikakataa rimu, hakupata unafuu wowote.

Na hapa twataka kusema neno ambalo vijana hawalipendi. Tairi linaloshika kupita yote si lazima liwe tairi bora. Gari linaloteleza kidogo penye kona humwonya mchezaji: mkia hutoka nje, naye hulegeza mkono, gari likajirudi. Lakini gari linaloshika mno haliteleza kamwe. Huvumilia, huvumilia, kisha hupinduka ghafula bila kuonya. Magari membamba yaliyosimama juu, kama mifano ya magari ya mashindano ya zamani, hupatwa na jambo hilo zaidi. Kwa gari kama hilo, na kwa mtoto anayejifunza, tairi la kushika kwa kadiri ni mwalimu mwema kuliko tairi la kunata.

Matairi ya mbele nayo yana sheria yake, nayo ni kinyume cha yale ya nyuma. Hayasukumi gari wala hayaliongozi. Ulimi ndio uongozao. Yakishika sana huzuia mwendo. Yafaa yawe magumu, yagusie njia kidogo tu, ili ulimi ukae chini kabisa katika mfuo. Wachezaji wengine huyapaka rangi ya kucha ili yateleze. Basi fedha ya tairi jema itoke kwa ajili ya nyuma tu.

Mkisha kununua, kazi bado. Ondoeni tairi la zamani, safisheni rimu mpaka gundi yote kuukuu itoke, na vaeni jipya bila kulipinda. Mpira na uretani hushikwa na gundi ya kawaida ya mpira au gundi kali, tone dogo kwa kila upande. Silikoni haishikwi na gundi hizo, nayo hutaka gundi ya silikoni. Gundi ikikauka, sawazisheni tairi la mpira au la uretani hivi: bandikeni kipande cha msasa laini juu ya ubao tambarare, mshike gari ili magurudumu ya nyuma yaguse msasa kwa wepesi, mpeni umeme wa polepole. Msasa utakula mahali palipoinuka tu kwanza. Mtajua tairi limekuwa duara uso wote utakapokuwa na rangi moja isiyong'aa. Msikandamize, maana joto huharibu tairi na mota huungua. Kazi hii afanye mtu mzima, au kijana akisimamiwa, na mavumbi yake yafutwe yasiingie katika meno ya gia. Mchezo ukiisha, magari yawekwe juu ya kibao kidogo ili magurudumu yaning'inie. Tairi lililolalia upande mmoja miezi mingi hupata bapa, na gari hurukaruka kama punda mwenye kwato moja mbaya.

Waalimu watapenda pia jaribio hili. Twaeni kipande cha njia, cha urefu wa sentimeta 35 mathalani. Litoeni sumaku gari lenu, mliweke kingamo juu ya kipande, ili magurudumu yasiweze kubingirika. Inueni upande mmoja polepole, mpaka gari lianze kuteleza, mkapime kimo kwa rula. Kisha fanyeni vivyo hivyo kwa matairi mengine juu ya gari lilelile. Tairi lililoteleza kipande kilipofika sentimeta 12 limeshindwa na lile lililongoja mpaka sentimeta 18. Rudieni mara tano kila moja, mchukue wastani. Baada ya hapo nendeni njiani, gari lizunguke mara kumi kwa kila jozi, mtoto yuleyule akiendesha na mwingine akishika saa. Watoto watajifunza kuliko tulivyoweza kuwaandikia: kwamba shauri la ubora huamuliwa kwa kupima, si kwa kupiga kelele.

Sasa turudi katika lile neno tuliloliahidi, ambalo kwetu ndilo kubwa. Njia ya nyumbani si ya mtu mmoja. Tuseme mkubwa katika wale ndugu watatu amepata fedha, akanunua silikoni kwa gari lake peke yake. Siku ile hushinda wote. Lakini kila anapopita katika mfuo, huacha utando wake. Na kwa kuwa wachezaji hubadilishana mifuo, kesho wadogo zake wenye matairi ya mpira huteleza kuliko walivyoteleza jana. Hajawagusa, hajavunja kitu chao, hata hakukusudia mabaya. Hata hivyo amewapunguzia. Nao wadogo, wasijue sababu, husema gari lake lina dawa. Na jioni mama husikia ugomvi usio na mwanzo wala mwisho.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: katika nyumba moja pawe na aina moja ya matairi. Kaeni pamoja, wakubwa kwa wadogo, mpapase njia, mjaribu jozi moja ya kila aina ipatikanayo, mkiisafisha njia kati ya jaribio na jaribio, na silikoni mwijaribu mwisho. Kisha mkate shauri, na wote wavishe aina hiyo. Kama fedha haitoshi kwa wote mwezi huu, afadhali kungoja hata itoshe kuliko kumvisha mmoja. Na kama njia ni laini na vumbi ni jingi na mfuko ni mwembamba, mpira laini, au uretani ikipatikana, huwa na amani zaidi katika nyumba kuliko silikoni, ingawa silikoni yaweza kuwa na mbio zaidi siku ya kwanza.

Matairi yakiwa sawa, ndipo mkono wa kila mtoto utakapojulikana. Huenda yule mdogo aliyechekwa ndiye atakayewaacha wenzake nyuma, huenda asiwaache. Lakini akishindwa, atajua ameshindwa na mkono wa nduguye, wala si na kipande cha mpira mkavu, naye atakuja kesho kujaribu tena. Mchezo wenye haki humrudisha mtoto mezani. Mchezo usio na haki humfukuza.

Hayo yatosha kwa mwezi huu. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema juu ya vile visuko vya shaba vinavyochukua umeme, namna ya kuvitandaza na lini kuvibadili. Maana navyo husingiziwa makosa mengi yasiyo yao.

Kwaherini.